Bwawa la Paje lina magaga!

Msomaji wangu mpenzi, kabla hujaendelea inuka kidogo, nenda jikoni, kafunue birika lako la chai. Kama maji ya kwenu ni ya kisima, ndani utakuta ganda jeupe limeng'ang'ania chini na pembeni, gumu kama ukoko wa wali uliosahauliwa motoni. Ukilikwangua kwa kijiko linakereza meno. Wengi wetu tunasema tu "ah, maji ya huku yana chumvi", tunabandika chai, maisha yanasonga.

Sasa lichukue ganda hilo, lizidishe mara elfu, ulipeleke kwenye bwawa la kuogelea la hoteli ya kitalii. Bwawa lenye vigae vya buluu, ambalo mtasha amelipia dola zake ili aone buluu tupu na si kitu kingine. Hapo ndugu yangu si habari ya ukoko tena. Hapo ni habari ya kibarua cha mtu kuota nyasi.

Ndiyo maana wiki hii safu yenu imevuka maji hadi Unguja, ikaenda Paje, kijiji cha pwani ya mashariki, kuufuata mstari mweupe unaowanyima watu usingizi.

BAHARI IPO, BWAWA LA NINI?

Toka Dar hadi bandari ya Malindi kwa boti ya kasi ni kama saa mbili hivi, ukijaaliwa bahari iwe shwari. Ukishuka unatafuta daladala la Paje, unabanwa katikati ya mama mwenye tenga na kijana mwenye spika ya muziki, safari inaanza. Mtapita Mwanakwerekwe, mtapita Tunguu, halafu mtaingia msitu wa Jozani wenye kima punju, wale wekundu mgongoni wanaopatikana Zanzibar tu.

Mimi nakushauri usishangae kima peke yao. Angalia ardhi. Upande wa mjini udongo ni mzito, kuna miembe, migomba na minazi imejipanga kama gwaride. Ukishavuka Jozani udongo unakwisha kama mshahara. Inabaki miti mifupi, vichaka na mawe, mawe, mawe. Wenyeji wanapaita maweni, na jina limefika kabisa. Jiwe lenyewe ni la matumbawe, lina matundu kila mahali kama mkate wa mayai. Hayo ni mabaki ya viumbe wa baharini waliojenga miamba yao huko zamani za kale, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo.

Likumbuke jiwe hilo. Ndilo mhusika mkuu wa kisa hiki.

Paje penyewe ni babu kubwa. Mchanga mweupe laini kama unga wa muhogo, minazi inainama, bahari ina rangi ambayo mchoraji akiichora utasema ametia chumvi. Lakini maji ya pwani ile yana tabia yake. Yakitoka, yanatoka kweli kweli. Asubuhi unaona bahari mlangoni, mchana imehama, imekwenda huko kwenye mwamba, imeacha tope, madimbwi na mistari ya vijiti vya mwani. Kinamama wanaingia humo na magunia yao; kilimo cha mwani wa kuuza kilianza hapo Paje na jirani zao Jambiani mwaka 1989.

Kwa mkulima wa mwani maji kutoka ni neema. Kwa mtasha aliyesafiri saa kumi angani ili aogelee, ni kizungumkuti. Anasimama na taulo begani, anatazama bahari ilivyo mbali, anarudi hotelini. Na hotelini ni lazima akute kitu. Ndiyo maana pwani ile yenye bahari nzuri kiasi hicho imejaa mabwawa.

"HICHO NI KISIWA, MWANANGU"

Hoteli niliyofika sitaitaja jina. Ni ndogo, ya vyumba vichache, na bwawa lake lina urefu wa kama mita 10, upana mita 5. Saa moja asubuhi, wageni wamelala, utamkuta mzee mmoja mwenyeji wa Makunduchi amechuchumaa ukingoni. Suruali imekunjwa hadi magotini, mkononi ana brashi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Watoka Bara weye?"

"Natoka Dar, Ami."

"Karibu. Kaa hapo, usikanyage maji."

Pale maji yanapogusana na vigae kulikuwa na mkanda mweupe, upana wa vidole vitatu, umezunguka bwawa zima kama pindo la kanga. Mahali pengine ulikuwa mwembamba, mahali pengine umevimba na kupasuka. Ukiupapasa unakwaruza kama ulimi wa paka. Kule Dar kisigino kikiwa hivyo tunasema kina magaga. Basi na bwawa nalo lilikuwa na magaga.

Nikamuuliza, Ami, hii nyeupe ni kitu gani hasa? Sabuni? Mafuta ya wageni? Chumvi ya bahari?

"Hicho ni kisiwa, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Kimeingia bwawani kwa mlango wa bomba."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe mzee ametoa somo zima la kemia kwa sentensi mbili.

SAFARI YA JIWE HADI KWENYE KIGAE

Waliokaa darasa la kemia wanalikumbuka lile jaribio la maji ya chokaa. Unachukua mrija, unapuliza pumzi yako ndani ya maji ya chokaa yaliyo safi kama kioo, yanageuka maziwa. Mwalimu anasema: hiyo ndiyo dalili ya kaboni dayoksaidi. Kengele inalia, watu wanakimbilia uji.

Wale watundu waliobaki wakaendelea kupuliza waliona ajabu ya pili. Maziwa yale yalitoweka, maji yakarudi kuwa meupe safi! Gesi ikizidi, chokaa iliyogeuka unga inayeyuka tena ndani ya maji, inajificha. Ukitaka ijitokeze, chemsha maji au yaache gesi iondoke. Unga unarudi.

Hilo ndilo linalotokea Unguja kila siku. Mvua inanyesha, inapita kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, inabeba gesi ile ile iliyomo kwenye soda. Maji hayo yanakuwa makali kidogo, kidogo tu, lakini yanatosha kulamba jiwe la matumbawe. Jiwe la matumbawe ni nini? Ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa mbichi. Maji yanashuka hadi chini yakiwa yamebeba jiwe tumboni, na huwezi kuliona. Unapiga kisima, unavuta, unajaza bwawa, unasema maji safi kabisa!

Jua la Paje linapowaka, mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Kwanza, gesi inatoroka hewani kama soda iliyoachwa wazi. Pili, maji yanapata joto, na chokaa si kama sukari. Sukari hupenda maji ya moto, chokaa huyakimbia. Tatu, maji yanapaa, lakini chokaa haina mabawa. Inabaki. Na mahali panapokauka kwanza ni pale ukingoni, maji yanapopandapanda kwenye kigae na kushuka. Kila wimbi dogo la mwogeleaji linaacha utando mwembamba kuliko karatasi. Leo utando, kesho utando, baada ya mwezi una ukuta.

Tupige hesabu, maana wapo wasioamini maneno matupu. Bwawa la mita 10 kwa 5 likipungua milimita 5 kwa siku, ambazo ni kama unene wa rula mbili, limepoteza lita 250. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 91,000, nazo zinarudishwa kutoka kisimani. Maji ya kisima yakiwa na miligramu 300 za chokaa katika kila lita, mwisho wa mwaka umemimina ndani ya bwawa kilo 27 za jiwe. Nusu gunia la saruji na ushee! Mvua ikinyesha itapunguza, sikatai. Lakini jiwe limeingia, na litatafuta pa kukaa.

Na kibaya zaidi, pwani ya mashariki ndiyo inayopigwa uso kwa uso na upepo wa kusi. Kusi linapovuma katikati ya mwaka vijana wa kaiti wanashangilia, hoteli zinajaa, na upepo huo huo unanyonya bwawa kama mrija. Mstari unanenepa wakati ule ule wageni wamefurika.

MJINI INATUNZWA, SHAMBA INAFUKUZWA

Cha kuchekesha ni kwamba kitu kinachofukuzwa Paje ndicho kilichoijenga Zanzibar. Nenda Mji Mkongwe, ule uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kuta zile nene ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga magogo, kurundika mawe ya matumbawe juu yake na kuyapiga moto mkubwa. Gesi inatoka, jiwe linalainika. Likimwagiwa maji linachemka lenyewe na kuwa unga mweupe. Ukishaupaka ukutani, unavuta gesi yake kutoka hewani pole pole na kuwa jiwe tena.

Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladi, umesimama kwa jiwe hilo. Hata watu wa kifahari wa zamani walioga ndani ya chokaa: hamamu ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said imenakshiwa maua kwa chokaa humo ndani.

Kwa hiyo mjini fundi analipwa aitie chokaa ukutani na kuitunza isibanduke. Shamba, Ami analipwa aibandue. Jiwe ni lile lile.

WANAUME WA HARAKA NA TINDIKALI YAO

Sasa tuingie kwenye kimbembe. Meneja akiuona mstari anataka uondoke leo, maana kesho kuna kundi la wageni. Na dawa ya leo leo inajulikana: tindikali ya haidrokloriki, ile wanayoiuza kwenye madumu. Ukiimwaga kwenye chokaa inafoka povu kama soda iliyotikiswa, na mstari unayeyuka ukiangalia. Kazi ya siku tatu inakwisha kwa nusu saa. Nani asiipende?

Ami haipendi. Akanionyesha viganja vyake. Vina mabaka, na ngozi katikati ya vidole imekuwa ngumu kama kwato. "Hii ya ujana," akasema. "Tulikuwa tukishika kwa mikono mitupu, twaona twanyanyua kazi."

Shida ya kwanza ya tindikali ni kwamba haina macho. Inakula chokaa ya mstari, halafu inageukia grauti, ile saruji nyembamba iliyo kati ya kigae na kigae, kwa sababu saruji nayo ina ukoo na chokaa. Unafurahia vigae vinang'aa, baada ya miezi vinaanza kutoka kimoja kimoja kama meno ya mtoto.

Shida ya pili inaua. Tindikali ikikutana na klorini ya bwawa inatoa gesi ya klorini yenyewe, ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Gesi hiyo ndiyo jeshi la Ujerumani lililoifungulia maadui zao kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Silaha ya vita kuu, halafu leo kijana analipwa vijisenti anaitengeneza kwenye ndoo bila kujua! Anachukua ndoo iliyokuwa na unga wa klorini, haikuoshwa vizuri, anatia tindikali. Moshi unapanda. Kifua kinabana, macho yanawaka, anakohoa hadi anaanguka. Ami alisema amemwona kijana wa namna hiyo miaka ya nyuma, kwenye hoteli nyingine. Kijana alipona, lakini kazi ya bwawa hakuirudia tena.

Basi kama ni lazima uishike tindikali, haya ni ya kukariri kama namba ya simu ya nyumbani. Tindikali inatiwa ndani ya maji, kamwe maji hayatiwi ndani ya tindikali, yatakurukia usoni. Ndoo yake iwe yake peke yake. Vaa miwani ya kufunika macho, glavu ndefu za mpira na viatu vya kufunika. Simama upande upepo unakotoka. Wala usiiweke stoo moja na klorini. Na klorini zenyewe za aina mbili tofauti usizichanganye, zinaweza kuwaka moto. Meneja anayesema hana fedha ya glavu, mwambie ashike mwenyewe.

DAWA YA MAGAGA NI ILE ILE

Sasa Ami anafanyaje? Anafanya kama bibi yangu anavyofanya miguu yake siku ya Ijumaa.

Kwanza anapima. Anadondoshea mstari matone ya siki. Ukitoa vipovu, hiyo ni chokaa ya kawaida, inasikia maneno. Usipotoa kitu, na rangi yake ikiwa ya kijivujivu, hiyo imeshika silika, dada yake mchanga. Ni sugu mno, inataka fundi mzoefu na subira ya miezi.

Ikiwa ni ya kawaida, anapunguza maji kidogo tu, shubiri moja chini ya mstari, ili apate pa kufanyia kazi. Analowanisha kitambaa kwa siki, anakibandika juu ya chokaa, anakiacha dakika kama 10. Siki nayo ni tindikali, lakini ni ya upole, ile unayotia kwenye kachumbari. Kisha anasugua kwa brashi ya nailoni. Brashi ya chuma hapana! Inaacha vipande vidogo vinavyoshika kutu, halafu utakuwa na madoa mekundu juu ya meupe.

Palipo pagumu analeta jiwe la kusugulia miguu. Ndiyo, lile lile la magaga, jepesi lenye vitundu, lililozaliwa na volkano, si lile la plastiki. Jiwe liwe limelowa na kigae kiwe kimelowa, asugue taratibu kwa kuzungusha. Kigae cha kauri kilichochomwa vizuri kinavumilia. Kigae cha kioo hakivumilii, kinachubuka, na mchubuko wa kioo hauna dawa. Akimaliza anasuuza, anafuta, anasogea kigae kinachofuata.

Ni kazi ya mgongo. Vigae vya mzunguko mzima vinaweza kumla siku tatu au nne. Ndiyo maana anaamka saa 11 alfajiri, kabla jua halijakausha siki.

"SI UMWAGE TU UJAZE MAJI MAPYA?"

Swali hilo nilimuuliza, kwa kuwa nilidhani ni rahisi. Akanyamaza kidogo, akaelekeza brashi upande wa kijiji.

Msomaji, tupige tena hesabu. Bwawa lile likiwa na kina cha wastani cha mita moja na nusu linachukua lita 75,000. Ni ndoo 3,750 za lita 20. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti iliyohusu maji na utalii katika vijiji vya Unguja vikiwemo Jambiani, Nungwi na Kiwengwa. Iliandika kwamba kaya ya kijijini ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93 hivi kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Kwa kipimo hicho cha kaya, bwawa moja dogo likimwagwa na kujazwa ni maji ya familia moja kwa miaka miwili na ziada.

Na maji hayo si ya mto. Unguja ya mashariki haina mto wa kujivunia. Maji baridi ni mvua iliyozama kwenye jiwe la matundu, ikaelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta sana tabaka la juu, la chini linapanda, na kisima kinageuka chumvi. Cha hoteli na cha jirani pia. Tena maji ya bwawa yaliyomwagwa ovyo na klorini yake, kwenye jiwe lenye matundu yatakwenda wapi kama si kule kule chini?

"Hapa ukimwaga bwawa," Ami akasema, "ujue kuna mtu kapanga foleni na ndoo."

Basi usione mzee anasugua kigae kimoja nusu saa ukadhani hana akili ya kisasa. Kila kigae anachosafisha kwa mkono ni maji yasiyovutwa.

KINGA NI BORA KULIKO BRASHI

Haya, wenye mabwawa yenu kule Masaki na Mbezi Beach, na nyinyi wadogo zangu mliopata vibarua vya kuyatunza, kaeni vizuri. Chokaa huwezi kuizuia isiingie, lakini unaweza kuizuia isikae.

La kwanza ni kipimo cha pH, kinachoonyesha maji yamechachuka kiasi gani. Weka kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda juu, chokaa inatua. Ikishuka sana, maji yanakuwa na njaa. Yakikosa chokaa ya kula yanakula grauti yako. Mwaka 1936 mtaalamu wa Marekani aitwaye Wilfred Langelier alitoa hesabu ya kujua maji yameshiba au yana njaa, na mpaka leo watu wa mabwawa wanaitumia. Pima kila siku, inachukua dakika mbili.

La pili ni alikalini, ile nguvu ya maji kuzuia pH isirukeruke. Iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. La tatu ni chokaa yenyewe: miligramu 200 hadi 400. Ikipita hapo, ndipo unapobadilisha maji kidogo kidogo, sehemu tu ya bwawa.

La nne, angalia klorini unayonunua. Ile ya unga ya kalsiamu inaongeza kalsiamu ndani ya bwawa na kupandisha pH. Kama kisima chako tayari kimejaa jiwe, unaongeza jiwe juu ya jiwe. Ya maji haina kalsiamu, ila nayo hupandisha pH, kwa hiyo usilale. Na wale wenye mitambo ya kutengeneza klorini kwa chumvi, pH yenu inapanda taratibu usiku na mchana.

La tano, maporomoko na chemchemi za urembo. Zinapendeza kwenye picha, lakini maji yakirushwa hewani gesi inatoroka upesi na chokaa inashuka upesi. Zifungue wageni wakiwepo, zifunge wakilala.

La sita, funika bwawa usiku kama uwezo upo. Maji yasiyopaa hayaachi chokaa.

La saba ndilo napenda kuliko yote: vuna mvua. Maji ya paa hayajaonana na matumbawe, kwa hiyo hayana jiwe. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 tu, ni lita 1,000 za bure. Masika ikija na tangi unalo, una maji laini ya kuongezea bwawa, na kisima cha kijiji kinapumua.

La nane ni brashi. Mara moja kwa wiki, mzunguko mzima, chokaa ikiwa bado utando. Ami anasema ya wiki moja inatoka kwa kitambaa, ya mwezi inataka siki, ya mwaka inataka jiwe. Ya miaka mitatu inataka vigae vipya.

Saa nne asubuhi mtasha wa kwanza alitokea, akavua kanga, akajitosa bwawani. Aliogelea hadi upande ule uliosuguliwa, akashika ukingo, akapumzika. Hakutazama kigae hata kidogo, alikuwa akitazama bahari ilivyo mbali. Ami akakusanya brashi zake, akazamisha kitambaa kwenye ndoo ya maji safi, akaenda kunywa chai.

Na wewe usiye na bwawa, lile birika lako tia siki nusu na maji nusu, lichemshe kidogo, liache lipoe, sugua, suuza mara mbili tatu. Kisiwa kitatoka. Wiki ijayo Mungu akipenda tutakuwa Tanga. Mpaka hapo, kwaherini!